Pembe Iliyokatwa na Dirisha

Mwaka jana nilimchorea mama mmoja bango la hoteli hapa Kyumbi, na tangu siku hiyo nina deni ambalo bado sijajua vizuri nadaiwa na nani.

Nasema "nilimchorea," lakini wacha niseme ukweli mapema. Sikuchora. Niliandika sentensi tatu kwenye simu: fahali aliyevaa aproni, ameshika sinia ya nyama, amechorwa kama michoro ya mkono ya kuta za hoteli za Kenya. Nikabonyeza. Kabla hata chai haijapoa nikawa na fahali wanne. Nikachagua yule mwenye tabasamu, nikaongeza jina la hoteli, nikaandika NYAMA CHOMA, MUTHOKOI, CHAPO, nikaprinti kwenye plastiki. Shilingi 3,500. Mama akalipa kwa M-Pesa na akanipa na supu.

Kuna kitu kimoja zaidi nilifanya. Kwenye kona ya chini, kulia, picha ilikuja na mchirizo mweusi. Ukiutazama kwa mbali ni saini. Ukisogea karibu, herufi zinayeyuka, hakuna jina. Nikauona unachafua kazi. Nikaufuta.

Kwa wasiopajua, Kyumbi ni pale Makutano, mahali barabara ya Machakos inapoachana na ile ya Mombasa. Malori ya kwenda bandarini yanapumzika hapa, matatu zinashusha na kupakia, na dirisha la gari likifunguka tu, tayari kuna mtu ameshalifikia na machungwa. Kila mtu hapa anaishi kwa kuonekana na mtu anayepita kwa kasi. Ndiyo maana bango ni muhimu. Dereva ana sekunde chache za kuamua kama atasimama kula kwako ama atasonga mbele. Na kwa miaka mingi, kabla ya mimi na printa yangu, sekunde hizo zilikuwa mikononi mwa watu wa brashi.

Mmoja wao ni mzee ambaye sitamtaja jina, kwa sababu hajaniruhusu, na utaona mbele kwamba kwake jina si mchezo. Amepaka kuta za mabucha, saluni, baa na makanisa kando ya barabara hii. Alikuja kunywa chai kwa yule mama, kama wiki mbili hivi baada ya bango kupanda. Mama akanipigia simu. "Hebu kuja," akasema. "Kuna mzee hapa anatazama ng'ombe yako vibaya."

Nikamkuta amesimama chini ya bango, kikombe mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ni wewe ulichora hii?"

"Ni kompyuta, mzee."

"Kompyuta inaitwa nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanyoosha kidole juu, kwenye pembe ya kushoto ya fahali. Kusema kweli sikuwa nimeiangalia vizuri. Pembe ya kulia ilikuwa ndefu na imejikunja vizuri. Ya kushoto ilikuwa imekatika ghafla, wima, kama imepigwa na msumeno.

"Unaona hiyo pembe? Mimi nilichora ng'ombe kama huyu kwa ukuta wa bucha, zamani. Aproni, sinia, hivyo hivyo. Lakini upande huu kulikuwa na dirisha. Pembe ikafika kwa fremu, nikaikata. Ningefanya nini? Nichore kwa kioo?" Akanywa chai. "Sasa niambie kijana wangu. Hapa kuna dirisha?"

Hapakuwa na dirisha. Kulikuwa na anga na waya za stima.

Sasa, tuwe wakweli. Sina ushahidi. Ile bucha haipo tena jinsi ilivyokuwa. Ukuta ulipakwa rangi ya kampuni fulani, kama kuta nyingi za barabarani, na fahali wake amelala chini ya rangi hiyo. Mzee hakuwahi kumpiga picha. Anakumbuka kwamba wasafiri walikuwa wakisimama kumpiga picha, kwa sababu alichekesha. Kama picha hizo ziliingia kwenye intaneti, na kama mashine ilizifagia pamoja na mabilioni ya picha nyingine, siwezi kujua. Waliotengeneza programu niliyotumia hawajachapisha orodha ya picha walizoifunza. Huenda pembe ilikatika kwa bahati tu. Mashine hizi hukosea. Zinatoa mikono yenye vidole sita, kwa nini zisitoe fahali mwenye pembe moja na nusu?

Lakini nilipolala usiku ule swali halikuwa kama ninaweza kushtakiwa. Lilikuwa hili: kama mzee anasema kweli, ni nani anapaswa kumjibu?

Nilianza na sheria, kwa sababu sheria angalau imeandikwa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, ya mwaka 2001, inasema anayekiuka hakimiliki ni yule anayefanya, au anayesababisha kufanywa, jambo ambalo ni mwenye kazi tu ana haki ya kuliruhusu. Kusababisha. Neno hilo lilinikaa kooni. Ni nani alisababisha fahali yule atokee Kyumbi? Mimi nilieleza. Kampuni iliifunza mashine. Mama aliagiza na akatundika. Aliyepiga picha ukuta wa bucha na kuiweka mtandaoni naye yumo. Kila mmoja wetu anaweza kumnyooshea mwenzake kidole, mpaka duara lifungwe na mzee abaki katikati akinywa chai yake.

Halafu kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Sheria hiyo hiyo inataja kazi zinazotengenezwa na kompyuta. Inasema mwandishi wa kazi kama hiyo ni mtu aliyefanya mipango iliyohitajika ili kazi itokee. Nilipoisoma mara ya kwanza nilifurahi. Kumbe mimi ndiye mwenye fahali! Mimi niliyepanga, mimi niliyeandika sentensi tatu. Furaha haikudumu, kwa sababu huwezi kuchukua mbele ya jambo ukaacha nyuma yake. Kama kupanga kunanifanya mwenye kazi, basi kupanga kunanifanya pia mwenye makosa ya kazi. Siwezi kusema "ni yangu" mama anapolipa, halafu niseme "ni kompyuta" mzee anapouliza. Na ndivyo nilivyofanya hasa, ndani ya wiki mbili.

Wakubwa wanafanya vivyo hivyo, kwa pesa nyingi zaidi. Kampuni ya picha ya Getty Images iliishtaki Stability AI kule London. Programu ya Stable Diffusion ilikuwa wakati mwingine ikitoa picha zenye muhuri wa Getty, ule wanaouweka juu ya picha zao zisiibwe, ila umepindapinda na herufi zimevurugika. Nilipoona mifano hiyo nilikumbuka mchirizo wangu wa kona. Getty ililazimika kuliacha lile dai kubwa la mafunzo, kwa sababu haikuweza kuonyesha kwamba mafunzo yalifanyika Uingereza. Tarehe 4 Novemba 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba modeli yenyewe si nakala haramu, kwa kuwa haihifadhi picha ndani yake. Getty ikapata ushindi mdogo tu, na ushindi huo ulihusu ule muhuri, kama alama ya biashara. Katika picha zote zile, kitu kilichopata mtetezi ni jina.

Wiki moja baadaye, tarehe 11 Novemba, mahakama ya Munich, Ujerumani, ikaenda njia tofauti. GEMA, chama kinachosimamia haki za muziki, kilikuwa kimeishtaki OpenAI kuhusu maneno ya nyimbo tisa za Kijerumani ambazo ChatGPT ilizitoa karibu kama zilivyo. OpenAI ilijitetea kwamba anayeandika swali ndiye anayebeba jibu. Yaani mimi na wewe. Mahakama ikakataa: maswali yalikuwa mepesi, mashine ilikuwa imezikariri nyimbo, na aliyeijenga ndiye wa kuwajibika. Ni hukumu ya ngazi ya kwanza, na ilipotolewa ilikuwa bado inaweza kukatiwa rufaa. Lakini soma tena utetezi ule. Kampuni yenye mabilioni ilisimama kortini ikamnyooshea kidole mtu mwenye simu.

Hapo Marekani nako, Juni 2025, jaji William Alsup wa San Francisco aliamua kwamba kuifunza mashine kwa vitabu ni matumizi yanayokubalika kisheria, lakini kuweka maktaba ya vitabu vya wizi haikubaliki. Kampuni iliyoshtakiwa, Anthropic, ikakubali kulipa dola bilioni 1.5, kama dola 3,000 kwa kila kitabu. Rafiki yangu mmoja anayeandika hadithi alisherehekea siku hiyo, mpaka tukasoma masharti. Ili kitabu kihesabiwe, kilihitaji kuwa kimesajiliwa katika ofisi ya hakimiliki ya Marekani. Ni mwandishi gani wa Machakos, aliyechapisha Nairobi, aliyewahi kufikiria kupeleka kitabu chake kusajiliwa Washington? Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Walikuwa wakizungumzia kikao cha kijiji, lakini maneno yao yanatosha kabisa mlango wa korti ya California.

Kwa hiyo hata tukisema sheria itatatua, tuulize: sheria ya wapi, kwa nani aliyeko? Kwa mzee wangu hata ya hapa kwetu haina nguvu nyingi. Mtindo hauna mwenyewe kisheria. Huwezi kumiliki "fahali anayetabasamu." Na sheria yetu inaruhusu kunakili kazi ya sanaa iliyowekwa mahali inapoonekana na umma, na ukuta wa bucha kando ya Mombasa Road ni nini kama si hapo? Wakili mzuri angeniondoa kwenye kesi kabla ya saa nne asubuhi.

Ungefikiri basi ningelala. Lakini kuondolewa kwenye kesi si sawa na kutodaiwa. Sote tunajua mtu aliyekula mali ya yatima na karatasi zake ziko sawa kabisa.

Hoja ambayo ilinisumbua zaidi haikutoka kortini. Ilitoka kwa binamu yangu anayesomea kompyuta. "Mbona unajitesa?" akaniambia. "Mashine imejifunza tu. Si hata wewe ulijifunza kwa kuangalia? Si Wakamba wote walijifunza kuchonga kwa kuangalia?"

Na hapo alinipiga mahali penye uchungu, kwa sababu ana haki. Ukiingia Machakos mjini ukashika barabara ya Kitui, utafika Wamunyu, kijiji kinachojulikana duniani kwa vinyago. Twiga, swala, vijiko vya saladi, Mmaasai aliyesimama na mkuki: vitu hivyo vimekaa kwenye sebule za Ulaya na Marekani kwa vizazi. Watu wengi wanadhani ni sanaa ya kale sana ya Wakamba. Simulizi ya Wamunyu yenyewe inasema vingine. Inasema biashara hii ilianzishwa na Mutisya Munge, aliyepelekwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akawaona wachongaji wa huko, Wazaramo kwa simulizi nyingi, Wamakonde kwa nyingine, akajifunza na akarudi na ujuzi nyumbani. Majirani wakamwangalia yeye. Watoto wakawaangalia wazazi. Mpaka eneo zima likala kwa mkono ule mmoja uliotazama mikono ya wengine.

Hakulipa mrabaha. Hakuomba leseni. Basi, binamu akasema, tofauti iko wapi?

Nimeifikiria hoja hiyo miezi mingi, na sitaki kuijibu kwa urahisi. Kuna jibu rahisi la kwamba binadamu ana roho na mashine haina, lakini jibu hilo halimlipi mzee chochote. Kuna jibu la ukubwa: Mutisya alihitaji miaka kuchonga vya kutosha kulisha familia, mashine inahitaji sekunde kuwanyima kazi wachoraji wa barabara nzima. Hilo lina uzito, nalikubali. Lakini ukubwa peke yake haugeuzi halali kuwa wizi. Trekta pia lilinyima watu wa jembe kazi.

Mimi naona tofauti iko kwingine. Mutisya alikuwepo. Alikaa na walimu wake, walimwona uso, wangeweza kumfukuza ama kumwita mwizi. Aliporudi Wamunyu na mtu akauliza "umetoa wapi hii?", kulikuwa na mtu wa kujibu. Kujifunza kwa kuangalia kumekubaliwa na jamii zetu zote kwa sababu anayeangalia naye anaangaliwa. Ukiniiga vibaya nitakuona sokoni. Ukinidhulumu, mtoto wangu atamjua mtoto wako.

Na hata hivyo, tusiifanye hadithi hiyo tamu kupita kiasi. Jina la Mutisya tunalo. Majina ya wale walimu wa Tanganyika yako wapi? Sijawahi kumsikia mtu Wamunyu akiyataja, na sidhani yapo tena. Kwa hiyo hata ile njia ya kibinadamu, ile tunayoisifu, iliacha deni njiani. Binamu anatumia kosa la zamani kuhalalisha kosa jipya. Mimi naona kosa la zamani linatuonyesha kosa jipya litafika wapi. Miaka 100 ijayo mtu atasema michoro ya kuta za hoteli za Kenya iligunduliwa na programu fulani, na hakutakuwa na wa kumbishia.

Wachongaji wenyewe walilijua tatizo hili, wakatafuta dawa. Kwenye ushirika wa vinyago wa Wakamba kule Changamwe, Mombasa, kila mwanachama ana namba, na kazi yake huandikwa namba hiyo. Mgeni akinunua twiga, namba ndiyo inayosema pesa ziende kwa nani. Na si pesa peke yake: twiga akipasuka mguu, namba inasema pia ni nani alitumia mti ambao haujakauka. Kitu kile kile kinacholeta malipo ndicho kinacholeta lawama. Twiga 1,000 wanafanana, hakuna anayejidai kuwa twiga ni wake, lakini kila twiga ana mtu nyuma yake.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya siku ile kwenye kona ya chini, kulia. Sisemi ule mchirizo ulikuwa saini ya mzee wangu. Haukuwa saini ya mtu yeyote. Mashine iliona kwamba michoro mingi ina alama nyeusi kwenye kona, ikaiga umbo bila kujua kwamba pale watu huweka majina. Lakini mimi nilijua. Mimi ni mtu, nilijua kabisa pale ni mahali pa jina, nikaona jina halisomeki, na badala ya kuuliza ni la nani nikasafisha. Kampuni ilikuwa imeshakwaruza namba chini ya twiga. Mimi nikapiga msasa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, uupime mwenyewe. Anayeondoa jina anachukua deni. Kampuni iliyokusanya kazi za watu bila kuandika imetoka wapi, isije baadaye kumwambia mzee alete ushahidi kwamba yake ilikuwemo. Wao ndio waliokuwa na kalamu na orodha, na wakachagua kutotuonyesha. Mzigo wa kuthibitisha uwe kwa aliyeficha. Hata sheria yetu, inapotoa ruhusa ya kutumia kazi ya mtu kwa utafiti au uhakiki, inadai utaje chanzo. Na mimi niliyefuta alama ya mwisho ya kwamba kulikuwa na mtu, nimechukua sehemu yangu ya deni, ndogo kuliko yao lakini yangu.

Utasema kampuni ziko mbali, nani atazifikia? Zamani, katika Ukambani, neno la mtu likikosa ushahidi, kulikuwa na kithitu, kiapo ambacho mwongo hakukiendea akicheka, kwa sababu madhara yake yaliaminiwa kumfuata yeye na nyumba yake. Sitetei kithitu. Ninachosema ni kwamba kiapo kinahitaji mtu mwenye nyumba, mwenye cha kupoteza. Mashine haina. Lakini kampuni ina. Na umbali si ukuta kama wanavyotaka tuamini. Vijana waliokuwa wakichuja picha na video za kutisha za Facebook hapa Nairobi walipokwenda kortini, Meta ilisema ni kampuni ya nje na haiwezi kushtakiwa Kenya. Tarehe 20 Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema inaweza. Kesi ile ni ya kazi, haihusu hakimiliki. Ila imeshajibu swali moja: kutokuwa na ofisi hapa si sawa na kutokuwepo hapa.

Hata Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 11, inaliagiza Bunge litunge sheria ya kuhakikisha jamii zinalipwa fidia au mrabaha utamaduni wao unapotumiwa, na mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni ikapitishwa. Milango ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuigonga akiwa na orodha mkononi.

Hayo ni ya wakubwa. Mimi nilikuwa na bango moja na mzee mmoja.

Dawa ya deni ni kulipa. Nilienda nikamkuta anapaka lango la kanisa. Nikampa shilingi 1,000. Akazihesabu, akaniuliza ni za nini. Nikamweleza. Akachukua 500, akanirudishia 500. "Hii ya pembe nimechukua," akasema. "Hiyo ingine ni yako, ulipanda ngazi."

Nikaona nimalize vizuri. Nikamwambia aje na brashi aandike jina lake kwenye kona ya bango, pale pale nilipofuta. Nilidhani atafurahi. Alikuja siku iliyofuata, akapanda, akamtazama fahali kwa karibu kwa mara ya kwanza. Akashuka.

"Apana."

"Kwa nini, mzee?"

"Angalia kwato. Huyu ni ng'ombe ama ni kuku? Angalia hiyo sinia, imeshikwa na nini? Watu wakipita waone jina langu hapo, watasema mzee ameanza kunywa." Akafunga kopo la rangi. "Ulichukua pembe yangu, sawa, nimelipwa. Lakini hii ng'ombe si yangu. Weka jina la mwenye hii ng'ombe."

Nilikuwa nimesahau hilo kabisa. Nilifikiria jina kama zawadi ninayoweza kumgawia mtu nijisikie vizuri. Kwake jina ni kukubali kuulizwa. Hawezi kuulizwa kuhusu kwato ambazo hakuchora.

Mama wa hoteli, aliyekuwa mlangoni akisikiliza, akasema, "Si basi aandike huyu?" Akaninyooshea mwiko.

Kwa hiyo nikapanda mimi. Mzee akaniazima brashi, maana nilikuwa na aibu kuchapisha stika. Herufi zangu ni mbaya, zinapanda mlima. Jina langu, na namba ya simu chini yake. Mzee alisimama chini akiniambia nisikandamize.

Bado natumia programu. Sitakudanganya, kodi ya duka hailipwi kwa insha. Lakini sasa nina daftari: kila kazi, tarehe, nilichoiambia mashine, nilichobadilisha. Nikiona mchirizo kwenye kona, hiyo picha naiacha. Na wateja nawapa bei mbili, ya mashine yenye jina langu chini, na ya mzee yenye lake. Wengi wanauliza ipi ni rahisi. Wachache wanauliza ipi ni nzuri. Mmoja, dereva wa lori, aliuliza ikiharibika atampigia nani.

Simu kuhusu pembe haijapigwa bado. Fahali bado yuko pale juu, akitabasamu na kwato zake za kuku. Ukipita Kyumbi ukimtambua ni wako, namba iko kwenye kona.